Siku Kumi na Nne

Barabara itokayo Nairobi kwenda Thika yapita Ruiru karibu na katikati ya safari. Reli ilifika Thika mwaka wa 1913, na kwa miaka mingi baada ya hapo msafiri wa nchi hiyo aliona kahawa na katani pande zote mbili, na baadaye mananasi. Leo mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamekatwa ploti, na juu ya ploti zimesimama nyumba za kupangisha, orofa juu ya orofa, chumba kimoja kwa mtu mmoja au kwa jamaa nzima. Wapangaji huondoka kabla ya mapambazuko, wengine kwenda Nairobi, wengine viwandani Thika, wala hawarudi mpaka taa zimewashwa. Katika saa hizo zote mali yao hulindwa na kufuli. Mwizi ayajua hayo kama mpangaji ayajuavyo, na ndiyo sababu kesi za kuvunja nyumba si ngeni katika korti za Ruiru na Thika.

Na achukuliwe mama mmoja kwa mfano, mkulima wa kahawa wa upande wa Gatundu, mwenye umri wa miaka 60 hivi. Hapewi jina hapa, kwa kuwa yeye si mtu mmoja. Wenzake wako wengi, nao huonekana siku za kesi wameketi kivulini nje ya korti, kila mmoja na mfuko wa chakula ambacho hakitaruhusiwa kuingia. Mwanawe wa pili, kijana wa miaka 23, alipanga chumba Ruiru na kufanya vibarua vya ujenzi. Mwezi wa Oktoba nyumba ya mwanamke mmoja, fundi wa cherehani, ilivunjwa katika ploti ya pili kutoka hapo. Zilichukuliwa televisheni, mtungi wa gesi na nguo alizokuwa ameshonea watu. Baada ya majuma matatu polisi waliikuta televisheni ile katika chumba cha kijana. Akasema aliinunua kwa mtu asiyemjua, karibu na kituo cha matatu, na risiti hakupewa.

Alishtakiwa kwa makosa mawili: kuvunja nyumba usiku, na kuiba ndani ya nyumba ya kukaa. Hakuweza kuleta mdhamini, basi akakaa rumande miezi 11 mpaka kesi ikaisha. Hakimu alimwona ana hatia kwa yote mawili, akamhukumu kifungo cha miaka mitano kwa kosa la kwanza na miaka mitano kwa la pili. Kisha akamwambia, kama ilivyo desturi, kwamba anayo haki ya kukata rufani katika muda wa siku 14. Kijana aliyasikia maneno hayo kama mtu asikiavyo upepo. Mama alisikia neno moja tu, mitano.

Aliyemweleza habari yenyewe ni jirani yake, karani katika chama cha ushirika cha kahawa, mtu aliyezoea kusoma karatasi mpaka mstari wa mwisho.

“Mama, ni miaka kumi,” akasema.

“Kumi namna gani, Karani? Hakimu alitamka mitano.”

“Alitamka mitano mara mbili, wala hakusema iende pamoja.”

Na hapo karani alikuwa amesema kweli. Sheria ya Kenya yasema kwamba mtu akihukumiwa kwa makosa mawili katika kesi moja, vifungo vyake hufuatana, kimoja kikiisha ndipo kingine kianze, ila korti ikiagiza vitumikiwe pamoja. Hakimu akinyamaza juu ya jambo hilo, kunyamaza kwake ni miaka. Tena ni desturi ya korti za Kenya, iliyoshikwa kwa muda mrefu, kwamba makosa yaliyotendwa kwa tendo moja, kama kuvunja mlango na kuchukua kilichomo ndani, hupewa vifungo viendavyo pamoja, isipokuwa pana sababu ya pekee. Lakini desturi haimfuati mfungwa gerezani ikamtafute. Lazima mtu aiombe.

Yafaa hapa kueleza makosa yenyewe, maana watu wengi huyachanganya. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka wa 1930 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, yatenga kuvunja nyumba ya kukaa mchana na kuivunja usiku. Mchana kifungo hakipiti miaka 7. Usiku hakipiti miaka 10. Kuiba ndani ya nyumba ya kukaa ni kosa jingine, na kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Duka, ghala, ofisi na shule vina kifungu chao peke yake. Mtu akitumia silaha au akimpiga mwenye mali, hayo si makosa haya tena. Huo ni unyang'anyi wa kutumia nguvu, na mlango wake ni mwingine wa kutisha zaidi. Na wale wanaojifariji kwamba kununua mali ya wizi ni kosa dogo, wajue kwamba kupokea mali iliyoibwa huku ukijua kwaweza kumpeleka mtu gerezani miaka 14, yaani kupita yule aliyevunja mlango usiku.

Usiku nao una mipaka yake. Sheria haiangalii giza wala mwezi; yasema kwamba usiku ni tangu saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Katika nchi iliyo karibu na ikweta kama Thika, ambako jua halibadili sana saa zake mwaka mzima, kipimo hicho hakidanganyi sana. Msomaji na akiweke moyoni, kwa sababu habari ya kijana huyu itarudi hapo.

Siku sita za kwanza kati ya zile 14 zilipotea katika mikutano ya jamaa. Wajomba walikuja, na shemeji, na mtu aliyekuwa rafiki wa shemeji. Mtu huyu alisema yuko bwana mmoja anayejuana na wakubwa wa korti, naye kwa shilingi elfu 60 angeweza “kuonana” na jaji. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Ng'ombe akaangaliwa meno, akapewa bei, na mnunuzi akaahidi kurudi Jumamosi. Katika siku hizo zote hakuna hata mmoja aliyekwenda gerezani kumwuliza kijana mwenyewe anataka nini, wala aliyeomba kuona yaliyoandikwa na hakimu. Si kwamba watu hao walikuwa wajinga. Katika maisha yao kila jambo la serikali lilikuwa limepitia kwa mtu fulani, nao hawakuona kwa nini hili liwe namna nyingine.

Tena wazee wa nchi hiyo wanayo kumbukumbu yao. Katika miaka ya ukoloni, korti za Waafrika zilikuwa mbali na korti za Wazungu, na rufani kutoka korti hizo iliweza kufika mbele ya Bwana D.C., ambaye ndiye pia aliyekusanya kodi na kuamuru barabara zichimbwe. Mtu aliyekata rufani kwa D.C. alijua anamwendea mkubwa mwenye hasira zake na rehema zake, na kwamba yafaa amjie kwa namna ya kumtuliza. Korti hizo ziliondolewa mwaka wa 1967, zikawekwa korti za mahakimu kwa watu wote. Lakini wazo la kwamba rufani ni kumwangukia mkubwa miguuni halikuondolewa na sheria yo yote. Latembea bado katika viwanja vya korti, na matapeli wala kwa wazo hilo.

Siku ya saba karani alimwambia mama azuie ng'ombe wake. Akamchukua wakapanda matatu mpaka gereza la Thika.

Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai yasema wazi kwamba mtu aliye gerezani aweza kumkabidhi mkuu wa gereza hati yake ya rufani, na huyo mkuu analazimika kuipeleka kwa msajili wa Korti Kuu. Hahitaji wakili ili aanze. Hahitaji kujua Kiingereza kizuri. Akikosa kupata nakala ya hukumu kwa wakati, na kumbe aliiomba, hiyo ni sababu ambayo Korti Kuu yaweza kuikubali kuwa njema na kuipokea rufani iliyochelewa. Lakini heri asiijaribu njia hiyo mtu awezaye kuwahi. Katiba ya mwaka wa 2010 nayo yampa kila aliyetiwa hatiani haki ya kukata rufani, au kuomba hukumu itazamwe tena na korti ya juu. Zamani rufani za watu wa Thika zilikwenda kusikizwa Nairobi, na baadaye Kiambu. Siku hizi Korti Kuu inakaa Thika kwenyewe, hata mama atokaye Gatundu aweza kwenda na kurudi siku moja akawahi kukamua.

Askari wa magereza wa Kenya hufundishwa kazi yao katika chuo kilichoko Ruiru, hatua chache kutoka katika ploti za habari hii. Askari aliyewapokea mama na karani alikuwa mtu wa makamo, mpole. Aliwaambia kwamba fomu ya rufani iko, na kijana angalijaza juma lililopita kama angaliomba. Hakuomba. Alipoitwa na kuulizwa, alisema hakuona faida, kwa kuwa televisheni ilikutwa kwake kweli.

Mama alikaa kimya akimtazama. Alikuwa hajamwuliza, na hapo gerezani pia hakumwuliza, kama aliiba au aliinunua. Mzazi huweza kuogopa jibu kuliko kifungo.

Karani hakuuliza hilo pia. Aliuliza habari ya kesi: nani alisema nini, na kwa maneno gani. Ndipo kijana akakumbuka kwamba alipopewa nafasi ya kumhoji mwenye mali, alikuwa na hasira, akamtupia swali moja tu: “Ulivunjiwa saa ngapi?” Yule mwanamke akajibu kwamba hajui, aliondoka saa kumi na moja alfajiri, akarudi saa mbili usiku, akakuta kufuli limekatwa. Hakimu akayaandika. Kijana hakuwa na shabaha yo yote katika swali lile. Alitaka tu kumwonyesha kwamba hakumwona.

Karani alikuwa mtu wa hesabu. Tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili usiku ni saa 15. Katika hizo, saa moja na nusu ya alfajiri ni usiku wa sheria, na saa moja na nusu ya jioni ni usiku wa sheria. Saa 12 zilizobaki ni mchana mtupu. Hati ya mashtaka ilisema nyumba ilivunjwa usiku, na hakuna shahidi hata mmoja aliyelithibitisha jambo hilo. Kazi ya kuthibitisha ni ya serikali, si ya mshtakiwa. Palipo na shaka kati ya kosa kubwa na dogo, mtu hafungwi kwa kubwa.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo watu wa nje ya korti hawalioni kwa urahisi. Rufani si kesi mpya. Mashahidi hawaitwi tena, ila kwa nadra sana na kwa ruhusa ya korti. Mwenye mali haji kulia mbele ya jaji, wala mama wa mshtakiwa haji kueleza jinsi alivyomlea. Kinachokwenda mbele ya jaji ni karatasi: hati ya mashtaka, maneno ya mashahidi kama hakimu alivyoyaandika, maswali waliyoulizwa, na hukumu yenyewe. Katika shauri la Okeno la mwaka wa 1972, Korti ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilieleza wajibu wa korti isikizayo rufani ya kwanza, na maneno yake yangali yakifuatwa: yapasa korti hiyo ipime ushahidi wote upya na kutoa uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wala kuwasikia. Basi mshtakiwa aliyenyamaza kesi nzima amempelekea jaji karatasi tupu. Na yule aliyeuliza swali moja, hata kwa hasira, amepeleka kitu.

Ndiyo maana wale wanaokiri kosa kwa kushauriwa na wenzao wa rumande, ati ili hakimu awahurumie, hujifungia mlango wenyewe. Mtu aliyekiri hawezi kukata rufani juu ya hatia yake. Aweza kulalamika tu juu ya ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Pana nafuu moja: lazima mashtaka yasomwe katika lugha aielewayo, na habari za kosa zielezwe, naye aulizwe kama azikubali, kama ilivyoamuliwa katika shauri la Adan la mwaka wa 1973. Pasipofanywa hivyo, kukiri kwake kwaweza kutanguka. Lakini ni nani atakayejua kwamba hakuelewa, iwapo karatasi yasema alielewa?

Juu ya televisheni karani hakuwa na la kusaidia. Mwenye mali alileta risiti yenye nambari, na nambari ikalingana na iliyo nyuma ya televisheni. Mali ikiibwa, kisha kwa muda si mrefu ikutwe kwa mtu, na mwenyewe aitambue bila shaka, korti yaweza kumhesabu huyo mtu kuwa ndiye mwizi, asipotoa maelezo yanayoaminika. Majuma matatu kwa kitu kisichopita mikononi mwa watu upesi si muda mrefu. Maelezo ya mtu asiyejulikana karibu na kituo cha matatu korti zimeyasikia mara nyingi mno.

Kisha karani alisema jambo ambalo liliharibu furaha ya siku hiyo. Jaji aweza kupunguza kifungo, lakini pia aweza kukiongeza. Sheria yampa mamlaka hayo, ingawa ni lazima mkata rufani aonywe kwanza, ili akipenda aiondoe rufani yake. Mfungwa akisikia habari hiyo mara ya kwanza huhisi kama mtu aliyeambiwa kwamba daraja lenyewe laweza kuvunjika. Kijana aliomba siku mbili za kufikiri. Zilikuwa zimebaki saba.

Siku mbili hizo mama hakulala. Alirudi peke yake siku ya kumi, bila karani, akamkuta mwanawe amekwisha kuandika kwa msaada wa mfungwa mwenziwe mwenye mwandiko mzuri. Wako wafungwa wa namna hiyo. Shirika la Kituo cha Sheria, lililoanzishwa mwaka wa 1973, limefundisha wafungwa wa magereza kadha mambo ya sheria ili wasaidiane, na huko Kamiti, kusini magharibi ya Ruiru, wako wafungwa waliosomea sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani ya kuta. Hati ya kijana ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba saa ya kuvunja haikuthibitishwa; kwamba vifungo viwili vya tendo moja vimeachwa vifuatane; kwamba miezi 11 ya rumande haikuhesabiwa; na kwamba hajawahi kufungwa kabla. Hakuandika kwamba hakuiba. Mama, aliyesomewa hati ile kwa Kikuyu kutoka mwanzo mpaka mwisho, alilitambua pengo hilo, naye hakulitaja.

Habari ya miezi ya rumande yataka neno moja. Sheria yaagiza korti, inapotoa kifungo, ihesabu muda ambao mtu amekaa chini ya ulinzi kabla ya hukumu. Hata hivyo hukumu nyingi huandikwa bila kulitaja jambo hilo, kwa haraka au kwa kusahau. Kwa karani wa ofisini ni kosa dogo la tarehe. Kwa mtu aliye ndani ni mvua mbili.

Siku ya kumi na moja mkuu wa gereza aliipokea hati, ikagongwa mhuri. Mnunuzi wa ng'ombe alikuja Jumamosi kama alivyoahidi, akarudi mikono mitupu, na rafiki wa shemeji hakuonekana tena katika kijiji hicho. Kijana hakuomba dhamana ya kungojea rufani. Aliyekwisha kuhukumiwa hapewi dhamana ila kwa sababu za pekee, hasa ikionekana dhahiri kwamba rufani yake itashinda.

Miezi tisa ilipita. Miezi hiyo haina habari. Kumbukumbu za kesi zilipigwa chapa, zikakosewa ukurasa, zikarudishwa, zikapigwa tena.

Yule fundi wa cherehani naye alikuwa akingoja, ingawa hakuna aliyemhesabu. Televisheni yake ilikuwa kielelezo cha kesi, na kielelezo huweza kuwekwa mpaka rufani iishe. Aliinunua kwa kulipa kidogo kidogo, na malipo ya mwisho aliyatoa wakati televisheni ilipokuwa katika stoo ya korti. Watu waliompa vitambaa vyao awashonee walimdai, na baadhi yao walisema kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeviuza. Aliposikia kwamba yule kijana amekata rufani, alimwuliza polisi kama yeye mwenye mali hawezi kukata rufani pia, ili miaka iongezwe. Akajibiwa kwamba hilo si lake, ni la mwendesha mashtaka wa serikali akiona vema. Jibu hilo ni la sheria, na sababu zake ziko. Lakini mtu aliyekuta kufuli lake limekatwa ana haki ya kuliona kuwa jibu kavu.

Siku ya kusikizwa, mambo yote hayakupita dakika 20. Kijana alisimama kizimbani, akasema anategemea aliyoyaandika. Mwanasheria wa serikali alisimama akapinga yale ya hatia, lakini kwa uaminifu akakubali kwamba saa ya kuvunja haikujulikana. Hiyo ndiyo desturi njema ya kazi ile, nayo yafaa isifiwe. Mwendesha mashtaka si mtu wa kutafuta kushinda kwa kila njia. Jaji aliweka siku ya hukumu.

Juu ya adhabu, jaji hana uhuru wa kubadili kama apendavyo. Tangu zamani, na hasa katika uamuzi wa mwaka wa 1954 wa Korti ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ambao watajwa hata leo, imeshikwa kwamba korti ya juu haigusi kifungo kwa sababu tu yenyewe ingalitoa kingine. Itakigusa ikiwa hakimu alifuata msingi usio sawa, au alisahau jambo kubwa, au kifungo chenyewe kimezidi kiasi kwa dhahiri. Katika kesi hii hakimu alikuwa amesahau mambo mawili, na kosa lenyewe lilikuwa limepungua.

Hukumu ilitolewa mwezi wa Julai. Hatia ya kuvunja nyumba usiku iliondolewa, ikawekwa badala yake hatia ya kuvunja nyumba mchana. Hatia ya wizi ilibaki. Kwa kila kosa jaji alitoa miaka mitatu, akaagiza vifungo viende pamoja, na vihesabiwe tangu siku kijana alipokamatwa mwezi wa Novemba. Iko bado Korti ya Rufani juu ya hiyo, lakini huko mtu huenda kwa hoja ya sheria peke yake, na ukali wa kifungo hauhesabiwi kuwa hoja ya sheria. Basi yakaishia hapo. Juma lile lile yule fundi wa cherehani aliitwa kuchukua televisheni yake. Alipanda nayo bodaboda, ameikumbatia, na alipoiwasha nyumbani ilikataa kuwaka.

Mama na karani walirudi Gatundu kwa matatu, wameketi kiti cha nyuma. Karani alitoa risiti ya kahawa mfukoni, akapiga hesabu upande wake wa nyuma. Miaka mitatu ni miezi 36. Mfungwa mwenye mwenendo mwema husamehewa theluthi moja, zabaki 24. Tangu kukamatwa imekwisha kupita 20.

“Karani,” mama akasema, “basi korti imesema aliiba au hakuiba?”

“Imesema aliiba, Mama. Iliyokataa ni kwamba ilikuwa usiku.”

Mama alitazama nje ya dirisha kwa muda mrefu. Walipofika karibu na daraja akauliza ni mwezi gani utakaotimiza hesabu ile.

“Novemba.”

“Novemba ndipo kahawa imeiva,” akasema. “Wachumaji wa mwaka jana waliniacha mikono mitupu katikati ya juma.”

Karani akaikunja risiti akairudisha mfukoni.